Mfalme Charles na Sarafu za Mji Uliozingirwa

Katika dola za Kiislamu za kale, mtawala alijulikana kwa mambo mawili: jina lake kutajwa katika hotuba ya Ijumaa, na kupigwa chapa juu ya sarafu. Uingereza nako sarafu ilikuwa ya mfalme, na Charles wa Kwanza alionja uchungu wa jambo hilo.

Charles alizaliwa Dunfermline, Scotland, tarehe 19 Novemba 1600, akarithi ufalme mwaka 1625. Aliamini kwamba mfalme hana wa kumjibu ila Mungu. Basi tangu 1629 hata 1640 alitawala bila ya Bunge, akitoza kodi ambazo Bunge halikuziidhinisha. Mwaka 1642 vita vikazuka.

London na kiwanda chake cha sarafu vikabaki mikononi mwa Bunge, na huku askari wa mfalme wanataka mishahara. Vyuo vya Oxford vikatoa vyombo vyao vya fedha, vikayeyushwa vikawa pesa.

Mji wa Newark, uliomshikilia mfalme, ulizingirwa tangu Novemba 1645. Tauni ikaingia ndani. Watu wakatoa vyombo vya fedha, vikakatwa vipande vya pembe nne mfano wa kashata, ili pasipotee chembe. Kila kipande kilipigwa taji na herufi za jina la mfalme, na upande wa pili jina la mji na mwaka. Vilikuwa vya peni 30, 12, 9 na 6. Vingine hata leo vina alama ya sonara aliyekifua chombo chenyewe.

Tarehe 5 Mei 1646 Charles alijisalimisha kwa jeshi la Waskoti, mojawapo ya majeshi yaliyouzingira mji ule ule. Akaamuru malango yafunguliwe. Watu wa Newark wakatii.

Yeye hakutulia. Mwaka 1648 vita vikaanza tena kwa ajili yake, akashindwa, akahukumiwa, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa mjini London. Wakati huo ngome ya Pontefract ilikuwa ingali imezingirwa. Waliomo wakapiga sarafu kwa jina la mwanawe, wakiandika kwamba baba amekufa, nao wako na mwana. Walisalimu amri mwezi wa Machi.

Fedha ile ilikuwa na uzito wake, lakini watu waliongeza uaminifu wao juu yake. Charles alipewa amana hiyo, naye hakujua kuitunza.