Mwana wa Padri na Mota ya Mashini ya Kusaga



Tukipita karibu na mashini za kusaga unga hapa Butembo, humkumbuka Nikola Tesla. Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, nchi ya Kroatia ya leo. Baba yake alikuwa padri wa Kanisa la Orthodoksi, naye alitaka mwanawe amfuate madhabahuni. Kijana akapatwa na kipindupindu, akalala miezi mingi, karibu kufa. Ndipo baba akamwahidi kwamba akipona atampeleka kusoma uhandisi. Akapona. (Sisi wachungaji wenye watoto, tungekubali?)

Mwaka 1882, akitembea katika bustani ya Budapest, aliona akilini mota ambayo umeme wenyewe huizungusha sumaku yake, bila vipande vya kaboni vya kusuguana na kulika. Mwaka 1884 alivuka hadi Marekani, akamfanyia Edison kazi, wakaachana, hata akachimba mitaro kama kibarua. Mwaka 1888 alipata hati za uvumbuzi wake, na Westinghouse akazinunua. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa mfumo huo. Nasi tangu 2013 tunaona maji ya Ruwenzori yakitoa umeme pale Mutwanga, upande wa Beni.

Mwendo wa mota hiyo hufuata mapigo ya umeme, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde. Siku hizi kuna kifaa cha kuyabadilisha mapigo hayo. Feni ikipunguziwa mwendo kwa asilimia 20, hula karibu nusu tu ya umeme. Lakini msikimbilie kukifunga kwenye mashini ya kusaga: nyundo zake zikienda polepole, unga hauwi laini. Hapo dawa ni mota nzuri yenye nguvu inayolingana na kazi.

Kamati yetu haikulijua hilo. Tulinunua mota kubwa tukidhani ukubwa ni baraka. Inazunguka bila mzigo wa kutosha, na sehemu ya sadaka ya wamama inalipia umeme usiosaga kitu.

Tesla alifariki tarehe 7 Januari 1943, siku ya Noeli kwa kalenda ya kanisa la baba yake, peke yake katika chumba cha hoteli New York, bila mke wala mtoto, na fedha zake zimekwisha.

Jumapili hii, baada ya ibada, wazee wa kanisa wataamua kama ile mota iuzwe tununue ndogo.