Hiram Percy Maxim: Mwana wa Muunda Bunduki na Mtandao wa Sauti Hafifu

Mtoto wa nyoka ni nyoka, wahenga walinena. Methali hii ikipimwa kwa aila ya Maxim, inashika upande mmoja na kuponyoka upande wa pili. Jina la Maxim si geni kwa msomaji wa historia ya Afrika Mashariki. Bunduki ya rasharasha yenye jina hilo ililetwa huku na msafara wa Stanley uliokuja kumwokoa Emin Pasha kati ya mwaka wa 1887 na 1889, kisha ikabebwa na Lugard hadi Buganda, ikanguruma katika vita vya Mengo mnamo Januari 1892. Baadaye silaha za aina hiyo zilitumiwa na Waingereza dhidi ya Wanandi mnamo 1905 na 1906. Aliyeibuni ni Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza. Wasichokijua wengi ni kuwa mtu huyo alikuwa na mwana aliyechukua jina lake la kwanza na la mwisho, akalitia katika kazi tofauti kabisa: kuwaunganisha watu wa kawaida kwa redio, bila ujira na bila idhini ya wakubwa wa biashara.

Hiram Percy Maxim alizaliwa tarehe 2 Septemba 1869 mjini Brooklyn, katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa fundi mwenye kipaji kisichotulia, mcheshi, mkaidi na mgumu kuishi naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 baba huyo alivuka bahari kwenda Ulaya kwa shughuli za umeme, akalowea London, akaoa mke mwingine na kuiacha jamaa yake Marekani. Hiram Percy alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na miwili hivi. Ilhali baba alikuwa akijenga utajiri kwa bunduki, hata akatunukiwa cheo cha heshima cha Uingereza mnamo 1901, mwana alilelewa na mama. Jeraha hilo hakulilalamikia hadharani. Alipokuja kuandika kitabu kumhusu baba yake, A Genius in the Family, kilichotoka mwaka wa 1936, alisimulia vituko vya utotoni kwa ucheshi na mapenzi ya kushangaza, akakomea pale baba alipoondoka. Msomaji makini huenda akauona ukimya huo kuwa sehemu nzito kuliko zote kitabuni.

Alihitimu katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts mnamo 1886, kabla ya kutimiza miaka kumi na saba. Akiwa mhandisi katika kiwanda cha makombora mjini Lynn, alianza kujiuliza iwapo petroli ingeweza kusukuma gari. Hakuwa na mwalimu wa jambo hilo. Alitia matone ya petroli katika maganda matupu ya risasi za mzinga, akayawasha ili aone mlipuko wake una nguvu kiasi gani, na kwa bahati hakupoteza kiungo cha mwili. Mnamo 1895 aliajiriwa na kampuni ya Pope mjini Hartford, Connecticut, akawa miongoni mwa waanzilishi wa utengenezaji wa magari nchini Marekani. Mwaka wa 1898 alimwoa Josephine Hamilton, binti ya aliyekuwa gavana wa Maryland.

Kilichompa jina kwa umma ni kifaa cha kunyamazisha mlio wa bunduki, alichokipatia hataza mnamo 1909. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipotazama maji yakizunguka huku yakiteremka katika tundu la bafu: kama hewa ya baruti ingezungushwa vivyo hivyo, ingetoka polepole na mlio ungefifia. Baba alikuwa ameiziwisha dunia kwa mngurumo, na sasa mwana alikuwa akiutuliza. Hata hivyo, tusimpambe kwa sifa asizostahili. Kifaa hicho kilikuwa bidhaa ya bunduki na kiliuzwa kwa wenye bunduki. Ni baadaye tu ndipo kampuni yake ilipogeukia kelele za injini na mitambo ya viwandani.

Redio ilimjia kupitia kwa mwanawe, Hiram Hamilton, aliyevutiwa na mtindo wa vijana wa siku hizo wa kuunda mitambo ya mawasiliano nyumbani. Mitambo yenyewe ilikuwa ya cheche. Umeme uliruka baina ya vyuma viwili kwa mlio mkali, na opereta alikatiza cheche hizo kwa kitufe ili kuunda nukta na vistari vya msimbo wa Morse. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1912 ilikuwa imewabana wanaredio hawa wa ridhaa katika mawimbi ya mita 200 kushuka chini, na nguvu isiyozidi kilowati moja. Mawimbi hayo yalidhaniwa kuwa hayana thamani. Kwa ufupi, walipewa makapi.

Mnamo Aprili 1914 Maxim alitaka kumtumia ujumbe mwanaredio mwenzake wa Springfield, Massachusetts, umbali wa takriban kilomita 40 kutoka Hartford. Mtambo wake haukufika. Alikumbuka kuwa katika mji wa Windsor Locks, ulio njiani, kulikuwa na mwanaredio mwingine. Akamwomba aupokee ujumbe na kuusukuma mbele. Ulifika. Wengi wangefurahi na kulala. Maxim aliona jambo kubwa zaidi: iwapo mtu mmoja katikati ameweza kuziba pengo la kilomita 40, basi watu mia waliotawanyika wangeweza kuziba pengo la bara zima. Udhaifu wa kila mtambo haungekuwa tatizo tena, maana hakuna ambaye angehitaji kupiga mbali kuliko jirani yake. Jamii zilizopashana habari kwa ngoma na kwa mbiu ya mgambo, kijiji kimoja hadi kingine, zilijua hekima hii zamani. Upya wake ulikuwa katika chombo.

Akishirikiana na Clarence Tuska, kijana ambaye hata hakuwa ametimiza miaka ishirini, aliishawishi klabu ya redio ya Hartford kuunga mkono American Radio Relay League, yaani jumuiya ya upokezanaji wa redio. Desemba 1915 wawili hao walianzisha jarida la QST kwa gharama yao wenyewe. Jina hilo ni mojawapo ya vifupisho vya herufi tatu vinavyoanza na Q, na maana yake ni wito kwa vituo vyote. Mwanafunzi wa isimu angenufaika kuvitazama vifupisho hivi: kila kimoja kina maana thabiti, na kikifuatwa na alama ya kuuliza hugeuka swali, pasipo kujali mzungumzaji ana lugha gani ya mama. Kile cha QRP, kinachohusu kupunguza nguvu ya mtambo, ndicho kilichokuja kuwa jina la uraibu mzima wa kuwasiliana kwa nguvu ndogo. Msimbo wa Morse nao una upendeleo wake wa kilugha. Herufi zitumikazo mno katika Kiingereza zilipewa alama fupi, hivyo E ni nukta moja tu. Kiswahili, chenye kupenda A, K, W na Y, humchosha opereta zaidi kidogo. Y peke yake inadai alama nne.

Februari 1917 ujumbe ulitoka New York hadi California na jibu likarudi kwa muda wa saa moja na dakika ishirini, ukipita mikononi mwa wanaredio wasiolipwa hata senti. Miezi miwili baadaye Marekani iliingia vitani, na serikali ikaamuru mitambo yote ya ridhaa ifungwe na eriali ziteremshwe. Vijana kwa maelfu walijiunga na jeshi wakiwa tayari wanajua Morse.

Hatari yenyewe ilikuja baada ya amani. Mwishoni mwa 1918 mswada ulifikishwa katika bunge la Marekani ukitaka redio yote ya nchi iwe chini ya jeshi la wanamaji, na Waziri wa Wanamaji, Josephus Daniels, aliuunga mkono. Ungepita, redio ya ridhaa ingekufa. Jumuiya ilikuwa hoi: wanachama walikuwa bado ng'ambo, jarida limesimama, hazina ni tupu. Maxim alikwenda Washington kutoa ushahidi, na wito ukatumwa kwa aila za wanaredio ziwaandikie wabunge. Mama na baba ambao huenda walikuwa wakilalamikia makelele ya mitambo chumbani sasa waliitetea. Mswada ukawekwa kando mwanzoni mwa 1919, na kabla ya mwaka huo kwisha wanaredio waliruhusiwa kurudi hewani. Hapa ndipo mchango wa Maxim ulipo mzito kuliko kwingine kote. Hakuwa mvumbuzi mkuu wa redio. Wengi walimzidi kwa hilo. Alichokilinda ni haki ya mtu asiye na cheo wala mtaji kuzungumza hewani.

Walirudi na chombo kipya, valvu. Cheche ilitawanya nguvu zake ovyo katika eneo pana la mawimbi, mithili ya mtu anayemwagia maji shamba zima ili anyweshe mche mmoja. Valvu ilitoa wimbi moja safi na endelevu. Ilifungua pia mlango wa kusafirisha sauti ya binadamu, na wanaredio wakaanza kusikiana wakizungumza. Lakini katika nguvu ndogo, Morse imebaki na ubora wake kwa sababu iliyo wazi. Sauti ya mtu hutanda katika upana wa maelfu ya hezi, ilhali Morse hutosheka na mia moja au mia mbili. Wati zile zile zikikusanywa mahali pembamba hutoboa kelele ambazo sauti ingemezwa nazo, na sikio lililozoea huweza kuufuata mlio mmoja hafifu katikati ya mvumo. Ndiyo maana wapenzi wa nguvu ndogo wa leo hujiwekea mpaka wa wati 5 kwa Morse na wati 10 kwa sauti.

Makapi ya mita 200 nayo yaligeuka lulu. Desemba 1921 jumuiya ilimtuma Paul Godley hadi Ardrossan, Scotland, akae katika hema penye baridi na mvua akisikiliza. Alizisikia ishara za wanaredio wa ridhaa wa Marekani kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923, kwa wimbi la mita zipatazo 100, Fred Schnell na John Reinartz wa Connecticut waliwasiliana na Mfaransa Léon Deloy aliyekuwa Nice, yakawa mazungumzo ya kwanza ya ridhaa ya pande mbili kuvuka bahari hiyo. Oktoba 1924 Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya Mill Hill jijini London, aliwasiliana na Frank Bell wa New Zealand. Wimbi fupi lilikuwa likidundwa na tabaka la juu la angahewa na kurudi ardhini mbali sana, jambo ambalo mwanasayansi Appleton alilithibitisha kwa majaribio mwishoni mwa mwaka huo huo.

Mnamo Aprili 1925 wajumbe wa nchi zaidi ya ishirini walikutana Paris, wakaunda umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa na kumchagua Maxim kuwa rais. Mkutano wa serikali mbalimbali uliofanyika Washington mnamo 1927 uliwatengea rasmi mafungu ya mawimbi. Kila nchi ilikuwa na kitambulisho chake hewani: Kenya ya ukoloni ilijulikana kwa VQ4, na baada ya uhuru ikawa 5Z4.

Jambo jingine linapasa kutajwa, hasa kwa wapenzi wa fasihi. Kwa miaka mingi QST ilichapisha makala za mwandishi aliyejiita The Old Man, yaani Mzee, aliyefoka dhidi ya uchafuzi wa mawimbi, maopereta wazembe na adabu mbovu hewani. Alibuni hata zana ya kubuniwa ya kuwaadhibu wakosaji, Wouff-Hong, ambayo hakuieleza ilifanya nini hasa. Kisha siku moja wakuu wa jumuiya wakaletewa kipande cha mti cha ajabu kilichodaiwa kuwa ndiyo hiyo. Wasomaji walibishana juu ya Mzee huyo ni nani. Tashtiti yake iliuma kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyewapenda aliowacheka.

Pembeni ya haya Maxim alianzisha jumuiya ya watengenezaji filamu wa ridhaa mnamo 1926, na mwaka wa 1933 akatoa kitabu kuhusu uwezekano wa uhai katika sayari nyingine. Mapema 1936 alisafiri kwa treni akielekea California kuizuru darubini kubwa ya Lick. Aliugua njiani, akateremshwa La Junta, Colorado, na kufariki hapo tarehe 17 Februari. Alizikwa Hagerstown, Maryland, kwa wazazi wa mkewe.

Baada ya kifo chake ndipo wasomaji wa QST walipojulishwa kuwa The Old Man alikuwa rais wao. Kitambulisho chake cha hewani, W1AW, hakikupewa mtu mwingine. Jumuiya ilikiomba, na mnamo 1938 ikafungua kituo cha ukumbusho huko Newington, jirani na Hartford. Kituo hicho kingali hewani, na miongoni mwa matangazo yake ni mazoezi ya Morse, yakianza kwa mwendo wa polepole kwa ajili ya wanaojifunza.