Thomas Hunt Morgan

Thomas Hunt Morgan (25 Septemba 1866 – 4 Desemba 1945) alikuwa mwanabiolojia kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba jeni zimo ndani ya kromosomu. Mwaka wa 1933 alikuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Maisha

Morgan alizaliwa mjini Lexington katika jimbo la Kentucky. Mwaka wa 1890 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kuanzia 1891 alifundisha katika chuo cha Bryn Mawr, na mwaka wa 1904 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka huohuo alimwoa Lilian Vaughan Sampson, mwanabiolojia mwenzake, wakapata watoto wanne. Mwaka wa 1928 alihamia Pasadena, California, kuongoza idara mpya ya biolojia katika taasisi ya Caltech. Alifariki huko.

Utafiti

Mwanzoni Morgan alitilia shaka mafundisho ya Mendel kuhusu urithi, pamoja na wazo kwamba kromosomu ndizo zinazobeba urithi huo. Alifuga nzi wadogo wa matunda (Drosophila melanogaster) katika chupa za maziwa, akiwalisha ndizi. Nzi hao huzaa sana, na kizazi kipya hupatikana kwa muda wa wiki mbili hivi.

Mwaka wa 1910 alipata nzi dume mwenye macho meupe badala ya mekundu. Alipomzalisha na majike wenye macho mekundu, karibu watoto wote walikuwa na macho mekundu. Katika kizazi cha pili macho meupe yalirudi, lakini kwa madume peke yao. Morgan alieleza kuwa sifa hiyo hufuatana na kromosomu X. Hivyo matokeo ya majaribio yake mwenyewe yalimfanya aache shaka zake.

Wanafunzi wake Alfred Sturtevant, Calvin Bridges na Hermann Muller waliendeleza kazi hiyo. Mwaka wa 1913 Sturtevant alitoa ramani ya kwanza ya jeni kwenye kromosomu. Morgan aligawa fedha za Tuzo ya Nobel kati ya watoto wake na watoto wa Sturtevant na Bridges.

Umuhimu wa baadaye

Magonjwa kadhaa ya macho ya binadamu hurithiwa kupitia kromosomu X, kama macho meupe ya nzi wa Morgan. Mifano ni upofu wa rangi nyekundu na kijani na aina fulani za kuharibika kwa retina. Huwapata zaidi wanaume.

Mwaka wa 1915 Mildred Hoge alieleza jeni ya nzi ambayo ikiharibika macho huwa madogo au hukosekana kabisa. Mwaka wa 1994 maabara ya Walter Gehring huko Basel, Uswisi, ilionyesha kuwa jeni hiyo inalingana na jeni Pax6 ya panya na binadamu. Mtu aliye na kasoro katika jeni hiyo anaweza kuzaliwa bila irisi.

Nzi na mamalia hushiriki pia jeni ya rodopsini, protini inayopokea mwanga. Mwaka wa 1990 iligunduliwa kwamba kasoro katika jeni hiyo husababisha retina ya binadamu kuharibika polepole hadi upofu. Kwa nzi pia, kasoro za jeni hiyo huua seli zinazopokea mwanga. Kwa sababu hiyo nzi wa Morgan bado wanatumika kuchunguza jinsi upofu huo unavyotokea.