Bi Grace Hopper, mama aliyeifunza kompyuta kusoma maneno

Pita kwa fundi yeyote wa simu pale Bondeni uangalie meza yake. Skrini imetoka kwa simu iliyotumbukia majini, betri ya simu nyingine, spika ya simu ya tatu, na jioni mwenyewe anakuja kuchukua simu inayolia vizuri. Hakuna anayemwita fundi mwizi. Basi lugha za kompyuta nazo zilianza hivyo hivyo, kwa kuokota vipande vya huku na huku. Mmoja wa walioanzisha mtindo huo ni mama mwembamba, mwanajeshi wa majini, ambaye wengi wetu tunaoandika programu mtaani hatumjui hata kwa jina.

Aliitwa Grace Brewster Murray, alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akaifungua. Kuirudisha kukamshinda, akafungua ya pili aone ilivyopangwa, kisha ya tatu, mpaka akamaliza saa saba za nyumbani. Mamake alimpangia tu: kuanzia hapo ni saa moja, nyingine usiguse. (Kwetu pwani mtoto kama huyo angelala na njaa.)

Masomo hayakumnyookea mwanzo. Chuo cha Vassar kilimkataa kwanza kwa sababu alianguka mtihani wa Kilatini, akasubiri mwaka. Alipoingia hakukamatika tena: hisabati na fizikia hadi 1928, halafu Yale, ambako alipata udaktari wa hisabati mwaka 1934. Katikati aliolewa na Vincent Hopper, na hata baada ya talaka ya 1945 alibaki na jina hilo.

Vita vya Pili vilipofika Marekani, Bi Grace alikuwa mwalimu wa chuo na maisha yake yametulia. Akataka jeshi la majini. Wakamwambia umri umepita, tena mwili mdogo, yuapungukiwa karibu kilo 7 kufikia uzito unaotakiwa. Akaomba ruhusa maalum mpaka akapewa, akaapishwa Desemba 1943. Mwaka uliofuata akapelekwa Harvard, kwenye chumba kilichokuwa na Mark I ya Howard Aiken. Hiyo ilikuwa kompyuta ya urefu wa mita 15 na zaidi, uzito kama tani 5, inayojumlisha mara 3 kwa sekunde. Simu ya mtumba unayosomea hapa ingeicheka.

Kuiagiza Mark I kazi kulikuwa ni kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi, kila tundu na maana yake. Sasa hapo ndipo mambo yalipoanzia. Bi Grace na wenzake kila mmoja alikuwa na daftari lake. Mmoja akishapata njia ya kukokotoa hesabu fulani na ikafanya kazi, anaiandika daftarini. Mwengine akiihitaji, anaazima daftari na kunakili. Lakini binadamu ni binadamu: akinakili anaruka alama, ama anasahau kubadilisha namba za mahali pa kuhifadhia, na programu nzima inakwama. Bi Grace akaona kwamba shida haikuwa kuazimana. Shida ilikuwa kwamba anayenakili ni mtu.

Kuna kisa cha nondo ambacho kila mtu hukihusisha naye. Mwaka 1947 mafundi wa Mark II walimkuta nondo amenaswa ndani ya mashine, wakambandika kwenye kitabu cha kumbukumbu, na yupo hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian. Bi Grace alikipenda sana kisa hicho na kukisimulia popote, ila si yeye aliyemnasa, na neno mdudu kwa maana ya hitilafu lilikuwa likitumika na mafundi zamani kabla ya hapo.

Mwaka 1949 nafasi yake Harvard iliisha, akahamia Philadelphia kwenye kampuni ndogo ya Eckert na Mauchly, waliokuwa wakijenga UNIVAC. Wakati huo hakuwa sawa. Alikunywa pombe sana na marafiki zake waliingia hofu. Kazi ndiyo iliyomshika mkono. Alikusanya vile vipande vya programu vilivyothibitishwa, akavitia kwenye utepe wa sumaku na kila kimoja akakipa namba ya kuitia. Kuanzia hapo mwandishi anaorodhesha namba tu, na mashine yenyewe inakwenda kwenye utepe, inavuta kila kipande, inarekebisha anwani zake na kuviunga vyote kuwa programu moja. Hiyo ndiyo A-0, ya mwaka 1952. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukusanya, aliiita kompaila, na kwa Kiswahili chetu mkusanyaji lingetosha kabisa.

Kulikuwa na fundo moja gumu. Mashine ilisoma orodha mara moja tu, mwanzo hadi mwisho. Je, ikikutana na agizo la kuruka mbele, kwenda mahali ambapo bado hapajaandikwa? Bi Grace akakumbuka mpira wa kikapu wa chuoni. Kwa sheria za wasichana za enzi hizo hukuruhusiwa kukimbia na mpira, kwa hivyo ulimpa mwenzako, ukakimbia mbele, naye akakurudishia. Akatenga kona ndogo mwishoni mwa kumbukumbu ya mashine. Agizo la kuruka linaacha ujumbe pale konani, na sehemu inayongojewa ikifika, inauchukua ujumbe wake. Wallahi hiki ndicho kipande ninachokipenda zaidi katika maisha yake yote.

Mwenyewe alisimulia kwamba kompaila ilikuwa ikifanya kazi na watu hawakutaka kuigusa, eti kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Hakubishana sana. Toleo la A-2 lilipotoka 1953, wateja walipewa pamoja na msimbo wake wote, wakaalikwa kuurekebisha na kurudisha maboresho yao. Leo vijana tunaona msimbo huria kama jambo la juzi. Yeye alikuwa akiufanya kabla Kenya haijapata uhuru.

Halafu likaja wazo lililowashtua wakubwa wake. Bi Grace alisema wenye biashara hawapendi alama za hisabati, basi waandike kwa maneno: soma, linganisha, andika, simama. Timu yake ikatengeneza mfano wa lugha ambayo baadaye iliitwa FLOW-MATIC, yenye maagizo ya Kiingereza. Kuonyesha kwamba kwa mashine neno ni alama tu, wakabadilisha maneno yale kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani, na programu ikaenda vilevile. Mabosi wakaona balaa. Kompyuta ya Kimarekani, iliyojengwa Pennsylvania, itaelewaje Kijerumani? Kwa masimulizi yake, ilimchukua miezi kadhaa kuwatuliza kwamba watatumia Kiingereza peke yake.

Soma hapo tena. Kiingereza kilibaki peke yake kwenye lugha hiyo kwa sababu mabosi wa Philadelphia waliingiwa na woga; mashine haikuwa na neno. Na Kiswahili je? Kitenzi chetu kimebeba mtu na wakati ndani yake, akizidi, ikizidi, vikizidi, na hapo wengi husema hakifai. Lakini anayeunda lugha anachagua umbo moja na kulishikilia: soma, zidisha, rudia. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo, menyu zote zikatafsiriwa, kazi nzuri mno. Ila chini ya menyu, pale palipoandikwa programu yenyewe, maneno yalibaki ya Kiingereza. Hapo ndipo Bi Grace alipokuwa ameshafika miaka ya 1950.

Mwaka 1959 serikali ya Marekani na makampuni walikutana Pentagon kutafuta lugha moja ya biashara itakayokubali mashine za kila kampuni. Kamati ikachukua FLOW-MATIC, ikachukua AIMACO ya jeshi la anga, ikachukua COMTRAN ya IBM, ikaunganisha na kutoa COBOL. Watu humwita Bi Grace mama wa COBOL. Jean Sammet, aliyekuwa ndani ya kamati, hakulipenda jina hilo, na nadhani ana haki, maana Bi Grace alikuwa mshauri na lugha iliandikwa na wengine. Lakini mifupa mingi ya COBOL ilitoka kwake. Desemba 1960 programu moja ya COBOL ilikwenda kwenye mashine za makampuni mawili tofauti.

Jeshi lilimstaafisha mwisho wa 1966, likamwita tena 1967 kwa miezi sita, na miezi hiyo haikuisha. Ofisini alikuwa na saa ya ukutani iliyozunguka kinyume, ili mgeni asiseme jambo haliwezekani kwa vile halijazoeleka. (Sisi tunaosoma saa moja mshale ukiwa kwenye 7 tusingeshangaa hata.) Kwenye mihadhara aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30, umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi kwa nanosekunde moja, ili majenerali waelewe kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa.

Alistaafu kwa mara ya mwisho Agosti 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali, juu ya meli kongwe USS Constitution kule Boston. Akaajiriwa upya na kampuni ya kompyuta, akaendelea kuhutubia. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa makaburi ya Arlington. Jeshi la majini likampa meli jina lake, USS Hopper, na Novemba 2016 Barack Obama, ambaye babake ni wa Kogelo kwetu hapa Kenya, akamtunuku nishani ya juu ya raia. COBOL yenyewe hadi leo inahesabu pesa za watu kwenye mabenki mengi duniani, usiku wakiwa wamelala.