Habari za Mangi Meli wa Moshi

Sisi tukaao Arusha na katika miteremko ya Meru twalisikia jina la Meli kama jina la watu wa Moshi tu. Lakini habari zake zatuhusu, maana siku aliyokufa, wakuu wetu nao walikufa pamoja naye.

Baba yake, Mangi Rindi, aliyeitwa pia Mandara, alipatana na Wadachi mwaka 1885, akafariki mwaka 1891. Meli alitawala akiwa kijana bado. Mwezi wa Juni 1892 jeshi la Wadachi likapanda mlimani kumpiga, likashindwa, na mkuu wake, von Bülow, akauawa. Watu huuliza, Wamoshi walipata wapi nguvu hizo? Bunduki walikuwa nazo, kwa kuwa Rindi alifanya biashara na misafara ya pwani muda mrefu. Tena nchi yao imekatwa na makorongo, na migomba imesongamana hata mgeni haoni aendako. Lakini mimi naitazama zaidi mifereji yao ya maji. Kazi ya kuichimba na kuitunza iliwazoeza tangu zamani kuitikia mwito mmoja na kushika zamu bila kusukumwa.

Hata Agosti 1893 Gavana von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa. Hapo Mangi Marealle wa Marangu alikuwa upande wa Wadachi, na kila mangi alimwogopa jirani kuliko mgeni. Nasi tuliyaona hayo huku. Oktoba 1896 wamisionari wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Kapiteni Johannes akaja kulipa kisasi, na pamoja naye Wachaga wengi, wakachoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Ni neno gumu kuliandika katika gazeti la Kanisa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwishowe Meli alishitakiwa kwamba amefanya shauri na wakuu wa Meru na Arusha kuwafukuza Wadachi. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa mtini huko Moshi, na wenzake 18, miongoni mwao Lobulu, Mangi wa Meru. Jamaa zake husema kwamba kichwa chake kilipelekwa Udachi. Mwaka 2023, mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin yalipopimwa, fuvu la Akida, mshauri wake, lilitambuliwa. La Meli halikuonekana.