Daktari Semmelweis na Homa ya Uzazi

Katika mji wa Vienna, makao makuu ya dola ya Austria, palikuwa na hospitali kubwa ambayo wanawake waja wazito waliiogopa. Hawakuiogopa yote, bali upande mmoja tu. Mahali pa kuzalishia paligawanywa sehemu mbili: ya kwanza ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, na ya pili ya kufundishia wakunga. Wanawake walipokewa kwa zamu, leo huku, kesho kule. Wengi walikuwa maskini, na aliyefika siku ya zamu ya sehemu ya kwanza alipiga magoti akisihi asiingizwe. Wengine waliona heri kuzaa njiani.

Hofu yao haikuwa ya bure. Katika mwaka wa 1846 wanawake 4,010 walizaa katika sehemu ya kwanza, na 459 wakafa. Katika sehemu ya pili walizaa 3,754, wakafa 105. Maradhi yenyewe yaliitwa homa ya uzazi: siku chache baada ya kujifungua mama hushikwa na baridi na homa kali, tumbo humvimba, naye hufa kwa maumivu makubwa, na mara nyingi mtoto humfuata.

Mwaka huo huo Ignaz Semmelweis aliwekwa kuwa msaidizi wa daktari mkuu katika sehemu hiyo ya kwanza. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mji wa Buda, nchi ya Hungary, mwana wa mwenye duka la vyakula. Alikwenda Vienna kusoma sheria, akaiacha upesi akashika udaktari, akahitimu mwaka 1844. Alikuwa mtu mwenye huruma na mwepesi wa hasira, na tabia zote mbili zilimfuata hadi mwisho.

Madaktari wa siku zile walikuwa na maelezo tele juu ya homa hii. Wengi walisema hewa mbaya imeuenea mji. Basi Semmelweis aliuliza: ikiwa ni hewa ya mji, mbona inachagua mlango? Sehemu mbili zimo katika hospitali moja, chini ya anga moja. Na wale waliozalia njiani, bila kitanda wala daktari, mbona homa iliwapata kwa nadra kuliko waliolala sehemu ya kwanza?

Hapo ndipo kazi yake ilipo na mafundisho kwetu sisi tunaosoma sayansi. Hakutafuta maelezo mazuri zaidi ya wenzake. Alitafuta tofauti. Alizilinganisha sehemu mbili, na kila alipoona jambo lililo huku na lisilo kule alilishika na kulijaribu. Je, ni msongamano? La, maana sehemu ya pili ndiyo iliyojaa zaidi, kwa kuwa kila mtu aliikimbilia. Je, ni namna ya kulala? Wakunga waliwazalisha wanawake wakiwa wamelala ubavu, na madaktari wakiwa wamelala chali. Akaamuru wa kwake nao walale ubavu. Vifo havikupungua. Palikuwa tena na padre aliyepita vyumbani kwenda kuwaombea mahututi, mbele yake mtu akipiga kengele, na katika sehemu ya pili hakuwa na haja ya kupita vyumba hivyo. Watu walidhani kengele ile inawatia wagonjwa hofu ya kufa. Padre akaombwa aingie kimya kwa njia nyingine. Vifo vikawa vile vile.

Huenda msomaji akacheka habari ya kengele, lakini asicheke sana. Semmelweis hakuidharau dhana yo yote kabla ya kuijaribu, wala hakuipenda dhana yo yote baada ya jaribio kuikataa. Tena alibadili jambo moja moja. Mwanafunzi anayeziweka mbegu zake gizani na kuzinyima maji siku ile ile hawezi kusema ni kipi kilichoziua.

Machi 1847 alikwenda Venice kupumzika. Aliporudi alikuta rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, amekufa. Alikuwa akifundisha kupasua maiti, mwanafunzi mmoja akamchoma kidole kwa kisu. Semmelweis alisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, akaona dalili ni zile zile za wanawake waliokufa kwa homa ya uzazi. Huzuni haikumzuia kufikiri. Kisu kilitia kitu cha maiti katika damu ya Kolletschka. Je, nani huwatia kitu hicho wanawake? Wakunga hawakupasua maiti. Madaktari na wanafunzi walipasua kila asubuhi, kisha wakaenda kuwapima wazazi. Waliinawa mikono kwa sabuni, lakini harufu ilibaki. Na yeye, kwa bidii yake ya kuchunguza maiti nyingi, alikuwa miongoni mwao.

Katikati ya Mei 1847 aliweka beseni mlangoni na kuamuru kila aingiaye anawe kwa maji yenye klorini, na baadaye kwa chokaa ya klorini iliyokuwa rahisi kwa bei. Aliichagua kwa sababu iliondoa harufu ya maiti. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wanawake 57 katika 312. Mwezi wa Juni walikufa 6 katika 268, na Julai 3 katika 250. Mwaka 1848 sehemu ya kwanza na ya pili zilikuwa karibu sawa.

Oktoba 1847 vifo vilizuka tena. Kitanda cha kwanza kililaliwa na mwanamke mwenye saratani iliyooza, na kati ya wanawake 12 waliopimwa pamoja naye walikufa 11. Semmelweis hakuficha jambo hilo. Aliipanua dhana yake: si maiti peke yake, bali kila kitu kilichooza, basi mikono inawiwe baada ya kila mgonjwa.

Wakubwa wengi hawakukubali. Hapakuwa na aliyewahi kuonyesha vijidudu vya homa hiyo, na ni vigumu kwa daktari kuambiwa mkono wake ndio uliua. Lakini lawama nyingine ni yake. Kwa miaka mingi aliwaachia rafiki zake waandike habari zake kwa ufupi. Kitabu chake mwenyewe kilitoka mwaka 1861, kirefu na kimejaa ugomvi. Waliompinga aliwaandikia barua za wazi akiwaita wauaji. Kazi yake Vienna ilikwisha mwaka 1849, akarudi Hungary, ambako katika hospitali ya Mtakatifu Rochus mjini Pest alipunguza vifo hata visifike mmoja katika mia.

Mwaka 1865 akili zake ziliharibika, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Vienna. Alikufa humo tarehe 13 Agosti, umri wake miaka 47, kwa jeraha lililooza na kutia sumu damu yake. Siku moja kabla, huko Glasgow, daktari Joseph Lister alikuwa amemfunga mtoto aliyevunjika mguu kwa kitambaa chenye dawa ya kaboliki, ili jeraha lisioze. Mwaka 1879 Louis Pasteur aliwachorea madaktari wa Paris kijidudu cha homa ya uzazi, vidoa vidogo vilivyofuatana kama shanga katika uzi.