Sam Ntiro, Mchoraji wa Machame

Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, chini ya mlima Kilimanjaro. Alisomea uchoraji Makerere, nchi ya Uganda. Mwalimu wake, Bibi Margaret Trowell, aliwasimulia wanafunzi habari, nao wakachora waliyoyaona moyoni.

Mwaka 1952 Ntiro alifika London, katika chuo cha Slade. Huko wanafunzi walichora mtu aliyesimama mbele yao. Je, aiache namna yake? Hakuiacha. Mwaka 1956, kwa rangi za mafuta, ambazo hukauka polepole mno, alichora wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilichukuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York. Ntiro alifariki mwaka 1993.